Ndimu ni ya Usiku

Waswahili hawakukosea waliponena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini methali hiyo haituambii kwamba hayo mengi huacha alama, na kwamba alama zenyewe huandikwa mwilini kabla hazijaandikwa kitabuni. Mama yangu ana miaka 56 sasa. Kwa zaidi ya miaka 20 ameuza viazi vya karai na kachiri za muhogo ukutani mwa skuli moja mjini Mombasa, shavu lake la kulia likiwa upande wa jua. Shavu hilo lina mabaka ya rangi ya kahawia iliyoiva, mengine madogo kama punje ya dengu, mengine makubwa kama sarafu ya shilingi. Shavu la kushoto lina machache. Mikono yake ya kuume na ya kushoto nayo haikufanana, ila mimi sikulitambua hilo mpaka nilipofanya kosa ambalo ndilo lililonisukuma kuyaandika haya.

Katika mwaka 2022 mdogo wangu alichumbiwa, na harusi ikapangwa mwezi wa Desemba. Siku moja ya mwezi wa Agosti, mama alikuwa dukani pamoja na biharusi mtarajiwa wakichagua leso. Muuzaji, kwa adabu zake zote, akamgeukia mdogo wangu na kumwambia, "Mpishe bibi yako akae." Mama alicheka. Aliponipigia simu usiku ule, alikisimulia kisa chote kwa mzaha, na mimi nikacheka pia huku Nairobi. Kisha sauti yake ikashuka. Akasema, "Mwanangu, nisije nikaitwa bibi wa biharusi mbele ya watu. Huko mjini kwenu hakuna mafuta ya kuyaondoa haya mabaka?"

Mafuta yalikuwapo. Katika vibanda vya jiji hupatikana vikopo visivyo na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo, na muuzaji hukuhakikishia kwamba siku 14 zinatosha. Nilikuwa nimesoma vya kutosha kuhusu mkorogo. Nilijua kwamba zebaki, ambayo hutiwa katika baadhi ya krimu hizo, huzuia ngozi isitengeneze melanini, yaani ile rangi yake ya asili, na kwamba zebaki hiyo haikomei usoni, bali huingia mwilini na kuyadhuru mafigo. Nilijua kwamba haidrokwinoni, ambayo daktari wa ngozi huweza kuitumia kwa kipimo na kwa muda maalumu, ikitumiwa ovyo kwa miaka huweza kuigeuza ngozi ikawa na weusi wa kibuluu usiofutika. Nilijua pia kwamba Kenya ilipiga marufuku orodha ndefu ya vipodozi vya aina hiyo mwaka 1998, na kwamba Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013, unayataka mataifa yaachane na vipodozi vilivyotiwa zebaki. Kwa hiyo nilikataa kununua. Nilikataa kwa fahari ya msomi, na fahari hiyo ndiyo iliyoniponza, kwani sikuishia kukataa. Nilimwambia mama kwamba dawa ya mabaka yake ilikuwa nyumbani, tena nilikuwa nayo katika daftari langu.

Msomaji mpenzi, yafaa nilieleze daftari hilo. Wakati ule nilikuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamili kuhusu msamiati wa mwili na urembo katika fasihi simulizi ya Mombasa. Mtoa habari wangu mkuu alikuwa bibi, mamake mama, ambaye anaishi Mji wa Kale. Mwezi wa Januari mwaka huo nilikaa naye majuma matatu, nikiwa na simu ya kunasia sauti na daftari la kurasa 200. Nilikuwa nimeligawa daftari kwa safu tatu: neno, maana, na kisawe. Jioni za kwanza tulizungumza juu ya alama za ngozi, nami nilishangazwa na utajiri nilioukuta. Kuna doa, kuna waa, kuna baka na batobato. Kuna chunjua inayoota juu ya ngozi, na choa kinachotambaa kwa duara. Kuna harara ya joto, chunusi ya ujana, na mbalanga inayoiondoa rangi badala ya kuiongeza. Kuna hata sugu ya kipajini, ambayo mwenyewe huionea fahari kwa kuwa ni ushahidi wa sijida nyingi.

Nilimuuliza bibi, "Na haya ya mikononi mwako, bibi, huitwaje?" Akaitazama mikono yake kama aliyeulizwa jina la mtoto asiyezoea kumwita. Akajibu, "Haya? Haya ni mabaka ya jua."

Jibu hilo lilinifurahisha kwa sababu za kiisimu. Waingereza huyaita mabaka hayo madoa ya ini, ilhali ini halihusiki nayo hata kidogo. Wafaransa huyaita maua ya makaburini, jina zuri kwa mshairi na baya kwa mgonjwa. Siku hizi katika magazeti yetu tunasoma "madoa ya uzee", ambayo ni tafsiri tu ya maneno ya wageni. Bibi, ambaye hakupita skuli ila chuoni, aliyataja kwa chanzo chao. Wataalamu wa ngozi wanakubaliana naye: si umri unaoyaleta, bali ni miale ya urujuanimno ambayo ngozi imeipokea mwaka baada ya mwaka, hata seli zinazotengeneza melanini zikaanza kuirundika mahali pamoja. Ndiyo maana huonekana usoni, mabegani, na migongoni mwa mikono, na hayaonekani mahali ambapo nguo haivuliwi. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta. Hapa jua halina msimu wa kupumzika. Niliyaandika hayo yote katika daftari, nikapiga mstari chini ya neno "jua", na kujiona nimevua samaki mkubwa.

Kisha bibi akanitajia dawa. Aliitaja liwa, kipande cha mti wenye harufu nzuri ambacho husuguliwa juu ya jiwe kwa maji au marashi mpaka kikatoa uji mzito. Aliitaja manjano, shubiri, asali, maziwa ya mgando na ndimu. Aliniambia habari za singo, mchanganyiko wa liwa, manjano, mawaridi, asumini na karafuu anaosuguliwa biharusi. Hapo nilimkatiza kwa furaha, kwani nilikumbuka kwamba singo imetokana na kitenzi kusinga, na kwamba Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye utendi wa mawaidha mwaka 1858, alimuusia pia juu ya kuoga na kujisinga. Bibi alininyamazia nikamaliza hotuba yangu. Kisha akaendelea kueleza, nami nikaendelea kuandika. Niliandika nomino. Vitenzi na vielezi vyake niliviacha katika kinasa sauti, nikidhani kwamba nitavirudia.

Basi usiku ule wa mwezi wa Agosti nilifungua daftari nikamsomea mama orodha. Katika safu ya maana, mbele ya neno ndimu, nilikuwa nimeandika: "hupakwa juu ya baka ili lififie." Nilimwambia ajaribu hiyo, kwa kuwa ndimu hazikosekani kwake. Nilimwambia kuwa ni dawa ya wazee wetu, ya asili, isiyo na kemikali. Naona haya leo kuyakumbuka maneno hayo, kwani maji yenyewe ni kemikali, na shubiri, zebaki na sumu ya nyoka zote ni za asili.

Mama alifanya kama nilivyomwambia. Asubuhi ya Jumatatu alikata ndimu, akajisugua mashavuni na shingoni, akaiacha ikauke ili ishike. Saa nne alikuwa ukutani pa skuli na karai lake. Usiku huo alihisi ngozi ikimchoma. Jumatano shavu la kulia lilikuwa jekundu na lenye malengelenge, na palipokuwa pamechuruzika maji ya ndimu kuelekea shingoni, palitokea mistari iliyovimba kama iliyochorwa kwa kaa la moto. Hakuniambia. Nilipata habari kwa mdogo wangu, aliyenitumia picha juma la pili, wakati malengelenge yalikwisha kunyauka na kuacha weusi mzito kuliko mabaka yote aliyokuwa nayo mwanzo. Harusi ilikuwa imebakiza miezi mitatu na siku kidogo.

Nilipanda basi la usiku. Tulikwenda pamoja kwenye kliniki ya ngozi, nami nilikuwa tayari kumweleza daktari kila kitu ila jambo moja, kwamba aliyetoa ushauri ni mimi. Daktari alitazama ile mistari ya shingoni akauliza swali moja tu: "Ulipaka ndimu au limau?" Alieleza kwamba ndani ya ndimu, hasa katika ganda lake, mna kemikali ziitwazo furanokumarini. Zikiwa gizani hazina ghasia. Zikikutana na miale ya jua juu ya ngozi, huamka zikaziunguza seli, na baada ya siku moja au mbili ngozi hufura na kufanya malengelenge. Kidonda kinapopona, ngozi hutoa melanini nyingi kwa kujihami, na weusi huo huweza kudumu kwa majuma au miezi. Hapakuwa na haja ya vipimo vingi. Mistari ya mchuruziko ilikuwa shahidi wa kutosha.

Kisha akaishika mikono ya mama, akaigeuza. Mkono wa kulia, baina ya kidole gumba na cha shahada, na juu ya vifundo vya vidole, ulikuwa na mabaka mengi zaidi kuliko wa kushoto. Akauliza, "Mama unafanya kazi gani?" Mama akamwambia. Daktari akauliza tena, "Na kachiri hizo unazikamulia ndimu?"

Msomaji ambaye amewahi kula kachiri za Mombasa analijua jibu. Kachiri bila ndimu na pilipili si kachiri. Kwa miaka zaidi ya 20 mama amekamua ndimu kwa mkono wa kulia, mteja baada ya mteja, chini ya jua la saa nne, la saa sita, la saa nane. Ndimu humtiririka katika vidole, naye huifuta kwa leso na kuendelea. Yale mabaka ya mkononi tuliyokuwa tukiyaita ya uzee, na ambayo muuzaji wa leso aliyaona akamdhani bibi wa mtoto aliyemzaa mwenyewe, mengi yake hayakuwa ya uzee. Yalikuwa ya kazi. Yalikuwa karo yangu ya skuli, sare yangu, na nauli yangu ya kwanza ya kwenda chuo kikuu. Nilikuwa nimeisoma mikono ile tangu utoto wangu, na sikuwahi kuielewa.

Tulipofika kwa bibi jioni, alimtazama bintiye kwa muda mrefu. Akauliza, "Nani aliyekwambia upake ndimu mchana?" Nilifungua kinywa. Mama akanitangulia: "Niliamua mwenyewe, mama." Bibi hakuuliza tena. Nami nilinyamaza, na kunyamaza kule kulinikaa kooni kama mwiba wa changu.

Usiku ule sikulala. Niliifungua simu, nikatafuta rekodi za Januari, nikaisikiliza sauti ya bibi kwa mara ya kwanza tangu niinase. Katika rekodi ya tatu, mara tu baada ya hotuba yangu kuhusu Mwana Kupona, anasikika akisema taratibu, kama mtu anayesubiri mwanafunzi wake aandike: "Sasa ndimu, mwanangu, ndimu ni ya usiku. Uipake tone, uioshe kabla ya kulala, na kesho yake usitoke. Ndimu na jua hawapatani. Wakikutana usoni pako hupigana, na uwanja wao ni wewe." Baada ya maneno hayo inasikika sauti yangu ikiuliza, "Na manjano je, yana kisawe?"

Niliisikiliza mara tatu. Asubuhi nilimkuta mama uani akichagua muhogo, nikampa simu aisikie. Alipomaliza alinirudishia, akasema, "Nilijua kuwa bibi yako hawezi kusahau jambo kama hilo." Nikamwomba radhi. Akanijibu kwamba radhi alinipa siku ile nilipopanda basi, ila akaniuliza swali ambalo wasahihishaji wa tasnifu hawakuniuliza baadaye: "Hayo mengine uliyoyaandika, unayo yote au una majina tu?"

Matibabu aliyoyataka daktari na aliyoyataka bibi yalikaribiana kuliko nilivyotazamia. Daktari aliagiza dawa ya kutuliza uvimbe, mafuta ya kukinga jua yenye kipimo cha 30 au zaidi, na kivuli. Alisisitiza kwamba kivuli ni nusu ya dawa. Bibi alitoa jiwe lake la liwa, ambalo katikati yake pamebonyea kwa kusuguliwa na mamake kabla yake, akasubiri mpaka ngozi ilipofunga kabisa, kisha akaanza kumpaka mama kila jioni. Nilipomuuliza liwa inafanya nini hasa, alinijibu kuwa inapoza, na kwamba mwenye liwa usoni hatoki.

Neno hilo la mwisho lilinifumbua macho. Biharusi wetu hutawishwa, huwekwa ndani siku nyingi kabla ya arusi, na baada yake kuna fungate. Katika siku hizo zote husingwa, husuguliwa na hufukizwa. Anapotolewa uso wake hung'ara, nasi tunaisifu singo. Lakini muda wote huo ngozi yake haikuonana na jua la adhuhuri. Sidhani kuwa singo haina kazi. Nadhani tu kwamba utawa ulikuwa sehemu ya dawa, na kwa kuwa utawa hautiwi katika kopo wala hauuzwi dukani, umeachwa nyuma dawa ilipohama kutoka kwa bibi hadi kurasa za magazeti. Wanawake wa Ngazija na Madagaska hutoka barabarani mchana wakiwa wamejipaka usoni uji wa mti kama huo, na kwao si pambo tu, bali pia ni kinga ya jua. Yaani hata pale palipo na liwa ya kutokea, adui anayekabiliwa ni yuleyule aliyetajwa na bibi.

Kwa faida ya msomaji ambaye ameyasoma haya akitafuta dawa, nitayasema niliyoyathibitisha baadaye. Maziwa ya mgando yana asidi ya laktiki, ambayo hulegeza ngozi iliyokufa. Madaktari huitumia asidi hiyohiyo kwa vipimo vyao, na ya maziwa ni dhaifu. Ute mweupe wa shubiri hutuliza, ila ule utomvu wa manjano ulio chini ya ganda huwasha, na sharti uoshwe kwanza. Katika maabara, kemikali ya shubiri iitwayo aloesini imeonekana kupunguza utengenezaji wa melanini, lakini maabara si shavu. Manjano huiachia ngozi rangi yake kwa siku moja au mbili, na kung'aa kwingine tunakokusifu ni rangi hiyo. Utomvu wa papai bichi huchoma. Ndimu sasa siishauri kwa yeyote, hata usiku, kwani asidi yake ni kali mno kwa uso. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kinacholifuta baka la jua kwa siku 14. Vinavyofaa hufifisha, tena kwa miezi, tena kwa sharti la kivuli.

Liko jambo jingine ambalo bibi alilisema katika rekodi ileile, na ambalo lilinitia baridi nilipolielewa. Alisema: "Baka ambalo jua halikuliweka, usilipake liwa. Liulize." Si kila alama nyeusi ni baka la jua. Vile vinundu vidogo vyeusi vinavyoota mashavuni mwa watu wengi weusi kadiri wanavyokua ni vya urithi, havidhuru, wala havisikii dawa ya kupaka. Lakini doa linaloota unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, mahali ambapo jua haliingii, likawa linapanuka, linabadilika rangi au linatoka damu, huweza kuwa saratani ya ngozi, na kwa watu weusi saratani hiyo ya melanini hupenda kujificha hasa katika sehemu hizo. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36, iliyomuua ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Doa la namna hiyo halisubiri shubiri wala asali, huhitaji daktari siku hiyohiyo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nami naongeza kuwa mpaka dawa asiyeuliza ni mficha maradhi vilevile.

Harusi ilifika. Ile mistari ya shingoni ilikuwa imefifia, ingawa haikwisha. Mabaka ya zamani yalikuwa palepale, pengine yamepungua weusi kidogo, pengine macho yetu yalikuwa yamezoea. Usiku wa hina, bibi alimtilia mama piko na hina mikononi, maua na majani kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole. Alipofika juu ya mabaka hakuyafunika. Aliyazungushia ua, yakawa kama kiini chake. Mama alitazama, akacheka, akasema kwamba watu watadhani ni mtindo mpya. Siku ya pili aliingia ukumbini amevaa dera la rangi ya zambarau, na mwanamke mmoja mgeni alipomuuliza kama yeye ni bibi wa biharusi, aliunyanyua mkono wake wenye hina mbele ya macho yake na kumjibu, "Mimi ndiye mamake. Jua limeniwahi tu."

Niliporudi Nairobi nililifungua daftari, nikachora safu tatu nyingine: hufanywaje, lini, na lini haifanywi. Ilinibidi nisikilize upya saa 31 za rekodi. Msimamizi wangu aliona kuwa nimechelewa, na alikuwa na haki. Lakini wenzangu tunaokusanya maneno ya wazee, nawasihi mlifikirie jambo hili. Tunapomwendea bibi na kinasa sauti, tunajihesabu kuwa waokoaji: lugha inakufa, nasi tunaiokoa. Neno nililoliokoa mimi lilikuwa zima, lina ngeli yake na wingi wake, na lilimchoma mama yangu uso. Kwa bibi, ndimu haikuwa nomino peke yake. Ilikuwa imefungamana na usiku, na maji ya kuoshea, na kesho ya kukaa ndani. Mimi nilivikata vifungo hivyo ili iweze kukaa vizuri katika safu.

Kuna kitu kimoja hatimaye nilichomnunulia mama hapa mjini. Ni mwavuli mkubwa wa aina ile inayosimikwa mezani, nilioulipia kwa fedha ambazo angenunulia mafuta ya mabaka. Uko ukutani pa skuli hivi sasa. Ndimu zake sasa huzikamua alfajiri, ndani ya nyumba, akazitia maji yake katika chupa yenye kizibo kilichotobolewa. Wateja wawili watatu walilalamika mwanzoni kwamba kachiri hazina ladha kama hawakuuona mkono wake ukikamua. Wamezoea.